Waya wa Mteremko wa Mashavu

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na nawaambia mapema ili msije mkasema mjomba wenu amewaficha. Nimeyasimulia kwa kinyozi, akacheka mpaka mkono ukamteleza na mteja akaondoka na kisogo chenye njia mbili. Nimeyasimulia kwa fundi meno akiwa amenitia vidole mdomoni, naye akaguna. Hata dada yangu, mama mzazi wa mwenye hadithi, huniambia, "Kaka, kata nusu. Halafu hiyo nusu ikate tena." Basi nimeona niandike, maana karatasi haimgunii mtu.

Mwenye hadithi ni mpwa wangu, fundi baiskeli. Mji mzima humwita Spana. Jina hilo alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, siku jamaa mmoja, pande la mtu, alipoingia karakana yake mchana kweupe, akatwaa baiskeli ya mteja na kuondoka nayo kana kwamba kaachiwa urithi na babu yake. Spana alimkimbiza kwa miguu mitaa mitatu, akampata kwenye kona ya duka la dawa, akamshushia spana namba kumi na saba gotini. Mara moja tu. Watu wa duka la dawa walilisikia goti likialika kama ganda la karanga. Akarudi na baiskeli begani na mwizi kamshika ukosi. Jamaa huyo mpaka leo anachechemea, ingawa wapo wenye wivu wanaosema alizaliwa hivyo.

Sasa mmeshajua mtoto wa dada yangu ni wa namna gani. Si mgomvi. Ila mkono wake hufika kabla ya neno lake, na hilo amelirithi upande wetu.

Mji wetu ni mdogo. Ukiinjika yai jikoni ukapanda baiskeli, utafika upande wa pili kabla halijaiva. Lakini umezungukwa na kijani kibichi. Chini kuna Bustani ya Bwawa, yenye bata wanaouma watu. Magharibi kuna Machimbo, mahali palipokuwa pakichongwa mawe zamani, leo ni majani na vidimbwi. Juu kuna msitu wa kilima. Miaka kumi na moja iliyopita kati ya sehemu hizo tatu palikuwa na vijia vya mbuzi tu. Spana akachukua jembe. Kila Jumapili kwa miaka saba alichimba, akang'oa visiki, akapanga mawe, akapaka mishale ya rangi nyeupe, mpaka ikapatikana njia ya baiskeli ya kilomita kumi na nne. Mimi husema ishirini, kwa kuwa nilichangia ushauri.

Sehemu ya bwawani, tambarare, inaitwa Njia ya Wastaafu. Ya Machimbo inaitwa Utumbo, kwa jinsi inavyojikunja. Na ile inayoshuka kutoka ukingo wa msitu mpaka karibu na kituo cha polisi inaitwa Mteremko wa Mashavu, kwa sababu ukishuka kwa kasi mashavu yako yanapiga makofi yenyewe. Manispaa ilipoona watu wanatoka miji mingine kuja kuendesha, ikamwandikia Spana barua ya usimamizi wa njia na kumpa kofia yenye nembo. Kofia yenyewe ingemtosha ng'ombe.

Hakuchimba peke yake. Alikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, tunayemwita Kobe. Mgongo wake ulipindwa kwanza na cherehani, kisha na baiskeli za mashindano, zile ambazo usukani wake uko chini na mwendeshaji hulala juu yake kama anasikiliza tumbo la gurudumu. Kobe hakuoa, hakuzaa. Siku ya Jumapili alikuwa na Spana na jembe. Kwa miaka saba walikula chakula kwenye bakuli moja, na jiwe likimponda mmoja kidole, mwingine ndiye aliyekifunga. Spana alimwita baba, na baba yake halisi yupo hai na hakukasirika.

Kisha wakaja wenye pikipiki.

Hao walikuwa wabeba magogo. Walikata miti nyuma ya kilima, bila ruhusa ya mtu, wakafunga magogo mawili mawili kwenye pikipiki, na badala ya kuzunguka barabara kuu wakakata kwenye Mteremko wa Mashavu. Magogo yakaburuzika. Mawe yaliyopangwa kwa mkono yakang'oka. Mvua moja tu, njia ikawa mfereji. Mkubwa wao ni jibaba lenye shingo pana kuliko kichwa, jina lake la kazi Tingatinga.

Spana alijipanga katikati ya njia siku moja, akamwambia, "Shuka, ukokote."

"Dada, barabara haina mama," Tingatinga akajibu.

"Hii ina mama. Unamtazama."

Tingatinga akampiga kofi. Nasema kofi, lakini kwa mkono ule ni sawa na kupigwa na mlango. Spana akaanguka, akainuka na jiwe, jiwe likampata Tingatinga juu ya jicho, damu ikamwagika mpaka kwenye tangi la mafuta. Wakaviringishana kwenye tope mpaka wapita njia watano wakawaachanisha, na mmoja wa hao watano akapoteza jino lisilomhusu. Afisa bustani wa manispaa, bwana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, akaja kuangalia. Akasema maneno ambayo kila mtu aliyasikia: "Mimi sitaki kwenda kwenye maziko ya mtu kwa ajili ya kijia. Damu nyingine ikimwagika njiani humu, nalileta katapila, nafukia yote."

Kufukia. Miaka saba ya mikono ya mpwa wangu. Ndilo hilo lililokuwa linamnyima usingizi.

Wiki tatu zikapita kimya. Kisha, Jumapili asubuhi, mkunga wa hospitali akapita.

Mkunga huyu ametuzalishia nusu ya mji. Alikuwa anatoka zamu, anashuka Mteremko na baiskeli yake ya kikapu, ile ya kukaa wima kama uko kanisani. Katikati ya kona ya tatu waya ulikuwa umefungwa kutoka mti mpaka mti. Mwembamba, umekazwa ukalia. Hakuuona. Ulimpata kwenye mtulinga, ukapanda, ukaingia kooni. Baiskeli ikaendelea peke yake, yeye akabaki hewani, kisha akaanguka chali. Spana ndiye aliyemkuta. Alimbana shingo kwa mikono yake miwili, yenye grisi vilevile, damu ikampitia katikati ya vidole, akapiga kelele mpaka watu wakaja na mlango uliong'olewa wakambebea juu yake. Alipona, lakini sauti yake tangu siku hiyo ni kama tupa kwenye chuma.

Afisa bustani akafunga njia kwa matawi ya miiba. Jumatatu akaja karakanani. Nilikuwepo, nimekaa juu ya gurudumu, nakula karanga.

"Mama," akamwambia Spana, "katapila linakuja Ijumaa saa kumi."

"Nipe aliyefanya kwanza."

"Ukimleta polisi kabla ya saa kumi, nitasema mhalifu alikuwa mtu, si njia. Usipomleta, mimi sina la kusema."

Nani asiyejua nani kafanya? Mji mzima ulisema Tingatinga. Mimi nilisema kabla ya mji. Spana aliukata ule waya mtini, akawapa polisi, wala hakuutazama mara mbili, maana mwenye hasira haangalii, anatafuta tu pa kupiga. Siku nne alizunguka nyuma ya kilima kuwatafuta, wakawa wamehama. Ijumaa asubuhi mtu akatuambia wapo kwenye uwanja wa zamani wa kupasulia mbao, kule ukingo wa msitu.

Tukaenda. Yeye na baiskeli yake ya kazi, ile nzito yenye kibebeo cha chuma nyuma, na pampu ya kusimama mkononi. Mimi kwa miguu, na moyo wa simba.

Walikuwa wanne. Spana hakusalimia. Alimfuata Tingatinga moja kwa moja, akainua pampu, akamshushia begani. Pampu ikapinda. Tingatinga akamkamata nywele, akamgonga uso kwenye rundo la mbao, mara mbili, nikasikia pua. Spana akamng'ata kifundo cha mkono mpaka akaachia, akamtia goti pale ambapo mwanamume hapaswi kutiwa goti. Kijana mmoja wao akaja na mnyororo wa pikipiki, ukampata Spana mgongoni, shati likachanika. Mimi wakati huo nilikuwa nawazuia wengine wawili kwa maneno makali kutoka nyuma ya ukuta.

"Mnatutegea waya!" Spana alipiga kelele, damu inamtoka puani hadi kidevuni. "Mmemchinja mkunga!"

Tingatinga alikuwa ameinama, ameshika magoti, anatafuta pumzi. Akacheka kicheko kibaya.

"Sisi? Njoo. Njoo uone, kichaa we."

Akamburuta kwa ukosi mpaka ndani ya kibanda. Nikafuata kwa mbali. Kwenye kitanda cha mbao alilala mdogo wake Tingatinga, uso umefungwa vitambaa kutoka pua kwenda chini. Tingatinga akafunua. Sitaandika nilichokiona, mtaacha kula. Itoshe kusema mdomo ulikuwa umeongezewa urefu, mpaka karibu na sikio.

"Alhamisi. Jana," akasema. "Njia ileile, chini zaidi ya pale pa mkunga. Sikwenda polisi kwa sababu ya magogo. Nilikuwa najiuliza nije nikuchome na karakana yako leo au kesho. Waya wenyewe huu."

Akautupa miguuni pake.

Spana akauokota. Mara ya kwanza akautazama. Ulikuwa ni nyaya tatu za breki zilizounganishwa. Na kila mwisho, ili usifumuke, ulikuwa umezungushiwa uzi wa nta, duru saba, kisha fundo lililofichwa ndani. Uzi wa kushonea ngozi. Mtu mmoja tu katika mji wetu hufunga hivyo. Ndiye anayemshonea Spana viti vya baiskeli, na ndiye anayejichukulia nyaya chakavu kwenye ndoo ya karakana kutengenezea vishikio vya mikoba.

Nilimwona uso ukimbadilika. Kwa bahati mbaya na Tingatinga aliuona.

"Umemjua."

"Sijamjua."

"Umemjua! Taja!"

Spana alisharuka kwenye baiskeli. Alipita mlangoni kama risasi, na nyuma yake nikasikia pikipiki zikipigwa teke, moja, mbili, tatu.

Duka la Kobe liko palepale ukingoni mwa msitu, nyumba ya mwisho, mbele barabara, nyuma Mteremko unapoanzia. Nilikatiza bustanini kwa watu na kufika nikihema, nikamkuta Spana amesimama mbele ya cherehani, anadondosha damu kwenye kitambaa cheupe. Kobe alikuwa na futi shingoni na pini mdomoni.

"Baba," Spana akamwambia, akaweka waya juu ya meza. "Niambie si wewe."

Kobe akatoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake. 

"Walikuwa wanaimaliza," akasema. "Uliona mawe yetu? Yale ya kona ya tatu, tuliyabeba siku mbili. Nilipima, mwanangu. Mwenye pikipiki anakaa wima, kifua chake kiko hapa. Mwenye baiskeli analala. Nilifunga sentimita mia na thelathini na tano. Mkunga nikadhani alisimama kwenye vikanyagio, maana mimi nilipita chini yake mwenyewe mara tano, sikuguswa hata nywele."

"Umepita wewe! Kobe! Nani mwingine katika mji huu anaendesha amelala?"

Mzee akaitazama futi iliyomning'inia shingoni. Naapa, ndipo lilipomwingia. Miaka arobaini alikuwa juu ya baiskeli ya mashindano, na katika akili yake baiskeli ilikuwa ni hiyo tu, na binadamu wote wamepinda kama yeye. Mkunga alichimbiwa shimo kwa kipimo cha mgongo wa Kobe.

Spana alimpiga. Mkono ulifika kabla ya neno, kama kawaida. Kofi likamwangusha mzee kwenye mabunda ya nguo, naye akabaki hapohapo, akisema, "Ongeza." Spana akainua mkono tena. Kisha tukasikia pikipiki mbele ya duka, zilizokuwa zimempoteza vichochoroni zikazunguka kuuliza nani hufunga uzi wa nta vile, na jiwe likaingia dirishani, vioo vikamwagika juu ya mashine.

"Mtoeni huyo mshonaji!" Tingatinga alinguruma. Na wengine walikuwa wamekuja, maana hasira haikosi wafuasi: wapiga debe, majirani, mume wa mkunga akiwa na panga. Mlango ukaanza kupigwa.

Sasa sikilizeni, wanangu. Angekuwa mtu mwingine angefungua mlango. Saa kumi bado masaa mawili, mhalifu kapatikana, wangemuua pale na njia ingebaki. Spana alitazama mlango, akamtazama mzee. Akamshika kwapani, akamwinua kama furushi.

"Utakwenda polisi kwa miguu yako au kwa kibebeo changu?"

"Waache waniue tu."

"Wakikuua hapa, nani atasema ulipima? Watasema ni njia. Panda!"

Akamkalisha kwenye kibebeo cha baiskeli, aliyokuwa ameingia nayo mpaka ndani, akamfunga kiunoni kwa futi yake mwenyewe ya kupimia, akapiga teke mlango wa nyuma, akaruka matawi ya miiba ya afisa bustani, na Mteremko wa Mashavu ukawameza.

Pikipiki zikazunguka nyumba na kuwafuata. Mimi nikachukua baiskeli ya mashindano ya Kobe iliyokuwa ukutani, nikaunga msafara. Niliyoyakosa nilimuuliza Spana baadaye, na Tingatinga, na yote yanalingana isipokuwa machache.

Kona ya kwanza jiwe lilimpata Spana sikioni. Kona ya pili Tingatinga alimfikia, akapiga teke gurudumu la nyuma, baiskeli ikayumba, goti la Kobe likagongwa na shina la mti.  Kona ya tatu walipita palepale pa mkunga, udongo bado mweusi. Spana akakanyaga. Kilo sitini za mzee zikamsukuma kwa nyuma, upepo ukampiga makofi mashavuni, breki za mbele zikaanza kunuka. Mbele kuna mahali njia inabanwa na mawe mawili, tunapaita Shingo. Hapo ndipo Kobe alipompigia kelele sikioni, kwenye sikio lililovimba:

"Simama! Simama! Kuna mwingine!"

"Mwingine nini?"

"Jana jioni, baada ya ule wa pili kukatika! Nilijua njia imefungwa, atakayepita ni pikipiki tu!"

Spana alikaba breki zote mbili. Baiskeli ikalala ubavu, ikateleza hatua kumi, wakasimama wakiwa wamelala, na juu yao waya, mweusi, mwembamba, ukawa unalia kwa upepo. Wangeweza kubaki pale chini. Wenye pikipiki walikuwa wanakuja, na Tingatinga mbele, amesimama kwenye vikanyagio, shingo ile pana iko juu, na panga alilopewa na mume wa mkunga mkononi. Dakika moja nyingine Spana angekuwa hana wa kumfukuza.

Mpwa wangu akainuka. Akauacha waya nyuma ya mgongo wake, akakimbilia juu, akatanua mikono katikati ya njia mbele ya watu waliokuja kumuua.

Tingatinga alidhani ni ujeuri. Aliniambia mwenyewe, "Nilisema sawa, umechagua." Alikaza. Hatua za mwisho akauona uso wake, akasema hakuuona uso wa ugomvi, akavuta breki. Gurudumu la mbele likamgonga Spana kifuani. Mtulinga ukavunjika, tukausikia wote, hata mimi niliyekuwa mbali kidogo. Akarushwa nyuma. Pikipiki ikasimama upana wa kiganja kutoka kwenye waya, na waya ulikuwa sawasawa na koo la Tingatinga. Aliutazama kwa muda. Kisha akaukata kwa panga, ukaruka na kumchana shavu, akapiga mayowe kama mtoto.

Kisha akamgeukia Kobe, aliyekuwa bado amefungwa kwenye kibebeo kama mzigo, na akainua panga.

"Si hapa," Spana akasema akiwa chini, mkono mmoja umening'inia. "Tingatinga. Si hapa. Nakuomba. Ukimwaga damu yake hapa wanaifukia."

"Unaomba njia? Mdogo wangu hana mdomo, wewe unaniomba njia?"

"Naomba uzime pikipiki na umshushe chini. Kituo kile pale. Kule chini si kazi yangu tena."

Nikafika wakiwa wanatazamana.  Tingatinga akafungua ile futi, akamshika mzee mkono, akamkokota kuteremka, mpaka ngazi za polisi. Pale kwenye ngazi ya tatu akamgeuza, akampiga ngumi mdomoni mara moja, meno ya mbele yote yakatoka. Askari wakawaweka ndani wote wawili, mmoja kwa waya na mwingine kwa ngumi na magogo.

Saa kumi kasoro robo afisa bustani akafika na katapila likiwa juu ya lori. Akamtazama Spana, pua imevimba, mkono umefungwa kwa shati langu.

"Hii ni damu," akasema.

"Ya puani ni ya uwanja wa mbao. Mtulinga umevunjikia ndani, haukutoa tone. Meno ya mzee ni ya ngazi za polisi."

"Na shavu la yule?"

"Alijinyoa vibaya."

Bwana yule akamwashiria dereva asishushe katapila. Alipanda Mteremko kwa miguu, viatu vya ngozi, mpaka Shingo, akarudi. Alichomoa kalamu moja kati ya zile tatu, akaandika: *Njia imekaguliwa. Mhalifu yuko mikononi mwa polisi.* Lori likageuza.

Kobe alihukumiwa miaka minne. Mkunga alikuja mahakamani, akaulizwa kama ana neno. Akasema kwa ile sauti yake ya tupa, watu wote wakainama kusikia: "Mzee, sare yangu ya kazi ulinipima wewe. Bega, kifua, urefu. Hukunikumbuka ulipokuwa unafunga?"  Spana alitoka nje kabla hajaulizwa lolote, nikamkuta nyuma ya mahakama anapiga ukuta kwa mkono mzima. Kila mwezi humpelekea mzee sabuni na uzi, na hajawahi kukaa kuongea naye zaidi ya dakika moja. Siku ya kwanza tu ndiyo alimwambia, "Umenifundisha kupanga mawe." Akaondoka.

Njia ilifunguliwa Jumamosi ya mwezi uliofuata. Watu walijaa kuanzia duka la Kobe lililofungwa mpaka bwawani. Hakuna aliyetaka kutangulia. Kila mtu anagusa shingo yake, anatazama miti, baiskeli mia mbili zimesimama na hakuna gurudumu linalozunguka. Spana mkono wake ulikuwa bado kwenye bandeji, hawezi kushika usukani. Ukimya ule ungekaa hata saa moja tu, njia ingekufa bila katapila. Ndipo mimi, mjomba wenu, nikasema liwalo na liwe. Nikapanda baiskeli ya kikapu ya mkunga, nikakaa wima, shingo nje kama twiga, nikajiachia. Kona ya kwanza niliipita kwa gurudumu moja. Ya pili sikuiona. Ya tatu niliwasikia watu wakilia nyuma yangu, upepo ukaning'oa kofia, machozi yakanirudi masikioni, na nilipofika Shingo nilikuwa naenda kwa kasi ambayo hata pikipiki ya Tingatinga ingeomba nafasi, nikaruka yale mawe mawili juu kwa juu, mikono nimeachia, nikiwapungia waliokuwa juu ya mi—

"Mjomba," Spana anasema, akisoma juu ya bega langu, "ulishuka unaikokota, na mkunga alikuwa amekushika mkono."